UZI: Niliyoyaona St. Patrick's Iten, shule ya serikali yenye mabingwa wa dunia. Na nina swali kuhusu mwanafunzi wangu

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, vuteni viti. Mimi ni mwalimu wa jiografia kwenye sekondari ya kata huku Manyara, Tanzania, na shule zetu mnazijua: ukionekana umevaa raba siku moja tu, kesho yake wewe ndiye mwalimu wa michezo. Nina mwaka wa sita na filimbi shingoni.

Mwezi wa sita, shule zilipofunga, shemeji yangu anayepeleka vitunguu Kenya aliniambia gari linafika hadi Eldoret na kiti cha mbele kipo wazi. Nikapanda. Eldoret hadi Iten ni matatu moja, kilomita thelathini na ushee, karibu njia yote mnapanda. Unapoingia mjini kuna lango limevuka barabara, maandishi yake yanakukaribisha nyumbani kwa mabingwa. Mji wenyewe mdogo, umekaa ukingoni mwa Bonde la Kerio, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Saa kumi na mbili asubuhi baridi inauma masikio, na barabara ya udongo mwekundu imejaa watu wanaokimbia makundi kwa makundi. Hakuna anayeongea. Unasikia pumzi na miguu tu.

Nilichofuata mimi ni St. Patrick's High School. Shule ya serikali, ya bweni, ya wavulana, mlezi wake Kanisa Katoliki. Mlinzi aliniandikisha kwenye daftari akanipeleka ofisini, nikapewa mtu wa kunizungusha. Ndani kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi wa zamani waliotwaa mataji, kila mti na kibao chake. Nilipita nikisoma kibao kimoja kimoja kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani.

Kisha nikaomba kuona uwanja. Hapo nikachoka. Nyasi na udongo, wakuu! Mimi nilikwenda na simu imejaa chaji nipige picha za tartani, ile sakafu ya kisasa ya mbio. Uwanja wetu huku umezidiwa kidogo tu.

Nina sababu ya kuyaleta haya, nitaifikia. Kwanza niweke historia.

#2 Jogoo la Shamba

Nimekaa mkao wa kula. Mwaga nondo mwalimu.

#3 Mwalimu wa Zamu

Shule ilianza 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kenya, chini ya mabruda wa shirika la Patrician kutoka Ireland. Mbio zilikuwepo mapema. Mike Boit alipita pale, akaja kuchukua shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich 1972.

Mwaka 1976 akaja bruda kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Jiografia, wakuu! Niliposikia hivyo nilijiweka sawa kwenye kiti. Hakuwa amesomea ukocha. Timu ya riadha ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster, yule aliyepata shaba ya mita 10,000 Montreal mwaka huo huo. Kenya haikukimbia Montreal, kwa sababu nchi nyingi za Afrika zilisusia, na Filbert Bayi wetu wa Tanzania naye akabaki nyumbani akiwa na rekodi yake ya dunia ya mita 1,500. Foster alipoondoka Iten, timu ikaangukia kwa mwalimu wa jiografia.

Alikuja kwa muda mfupi, akabaki miaka na miaka. Baadaye akawa mkuu wa shule, na hata alipoacha ukuu hakuondoka Iten.

Sasa ruka hadi Seoul 1988. Fainali ya mita 1,500 ina Steve Cram na Peter Elliott wa Uingereza. Anayeshinda ni Peter Rono, mtoto wa St. Patrick's, miaka 21, muda 3:35.96. Elliott wa pili, Cram wa nne.

#4 Mpenda Takwimu

Niongezee, mwalimu. Barcelona 1992, mita 3,000 kuruka viunzi na maji: Matthew Birir dhahabu, Kenya ikazoa nafasi zote tatu. Birir ni wa shule hiyo. Wilson Boit Kipketer, bingwa wa dunia wa mbio hizo hizo Athens 1997, naye wa hapo hapo. Halafu Wilson Kipketer, msiwachanganye, huyu ni wa mita 800 aliyehamia Denmark. Bingwa wa dunia 1995, 1997 na 1999. Agosti 1997 akakimbia 1:41.11 pale Köln, rekodi ikakaa miaka 13.

Wanaume watatu, shule moja ya kijijini. Kuna mataifa hayana hesabu hiyo.

#5 Chuma cha Pua

Na David Rudisha mmemsahau, yule aliyeivunja hiyo rekodi. Naye wa St. Patrick's.

#6 Mpenda Takwimu

Hapana mkuu. Hilo kosa linarudiwa kila mahali. Rudisha kocha wake ni Colm, kweli, na ndiyo aliivunja rekodi 2010 kisha akafika 1:40.91 London 2012. Ila shule aliyosoma ni Kimuron, siyo St. Patrick's. Kocha mmoja, shule mbili.

#7 Chuma cha Pua

Sawa, nimesahihishwa. Lakini hoja yangu iko palepale: hiyo ni damu. Wakalenjini, mwinuko, maziwa ya mursik, mtoto anakimbia kwenda shule tangu akiwa na miaka sita. Weka shule yoyote pale, hata mwalimu awe analala, medali zitakuja. Tusimpe bruda sifa za Mungu.

#8 Mzee wa Prepu

Nimesoma kimya kimya hadi hapo kwenye mwalimu anayelala. Mimi nilisoma St. Patrick's miaka ya themanini. Sikuwa mkimbiaji, nilikuwa wa voliboli, na kama hamjui, voliboli nayo ilikuwa jina kubwa pale.

Chuma, damu ilikuwepo Elgeyo na Nandi kabla ya hiyo shule kufunguliwa. Mwinuko ulikuwepo. Mursik ilikuwepo. Na darasani kwetu tulikuwa na damu hiyo hiyo wengi tu, wakimbiaji mkawajua wachache. Mimi mwenyewe Mkeiyo halisi, Mkalenjini wa hapo hapo, na mita 1,500 nilikuwa namaliza wenzangu wakiwa wameshafunga kamba za viatu.

Nikwambie nilichokiona mimi. Colm hakuwa mtu wa kupayuka uwanjani. Alisimama pembeni anatazama miguu. Vijana walikuwa wakirudia zoezi dogo la kunyanyua goti, kunyoosha mgongo, mikono isipite kifua, tena na tena, mpaka sisi wa voliboli tukawa tunawacheka. Baadaye alikuja kuyafupisha kwa herufi nne za Kiingereza, maana yake umakini, mwili ukae kwenye mstari, uthabiti, na kuchukua hatua kwa wakati wake. Sisi tulidhani mazoezi ni kukimbia hadi utapike. Wale hawakutapika.

Na mazoezi yakiisha, yameisha. Unawaona kwenye bomba wananawa miguu kwa maji ya baridi ile ya Iten, wanaingia bwenini, kengele ikilia wote tuko prepu. Ukiingia darasani jioni usingemjua mkimbiaji ni yupi, ila kwa vile alivyokuwa anasinzia kabla ya wengine.

#9 Jogoo la Shamba

Prepu ndiyo prepo yetu? 😂

#10 Mzee wa Prepu

Ndiyo hiyo hiyo bwana, mmetubadilishia herufi tu.

#11 Dodoma Bila Maji

Mpenda Takwimu, kwenye orodha yako umemruka mtu kwa makusudi ili usitutoneshe kidonda. Mimi nakitonesha mwenyewe. Ibrahim Hussein, naye wa shule hiyo. Marathoni ya Boston 1988. Meja wetu Juma Ikangaa anamaliza kwa 2:08:44. Hussein 2:08:43. SEKUNDE MOJA baada ya kilomita 42.

Ikangaa akawa wa pili tena 1989. Na 1990. Miaka mitatu mfululizo wa pili Boston. Marehemu babu alisikiliza kwenye redio na akaizima kwa hasira, redio ya watu.

#12 Mpenda Takwimu

Ila Ikangaa alichukua New York 1989 kwa 2:08:01, tumheshimu. Na Hussein huyo ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda New York, 1987. Boston akashinda tena 1991 na 1992.

Mwalimu, hiyo ni shule, lazima kuna na masomo. Hadi sasa nasoma mbio tu.

#13 Mwalimu wa Zamu

Nilikuwa nakuja huko, na ndilo lililonitoa usingizi.

Angalieni hao mabingwa walikwenda wapi baada ya shule. Mike Boit alisoma Marekani hadi shahada ya uzamivu, akarudi kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ibrahim Hussein alisoma uchumi Chuo Kikuu cha New Mexico. Peter Rono alikuwa wa Mount St. Mary's kule Maryland. Wilson Kipketer alikwenda Denmark 1990 kama mwanafunzi, mambo ya umeme na elektroniki, ndipo akabaki. Miguu iliwafikisha mlangoni, lakini vyuo vile havikupokea miguu peke yake. Kulikuwa na cheti cha kidato ndani ya bahasha.

Sasa jambo la pili, na hili naomba Wakenya mnisahihishe. Enzi za kina Rono Kenya ilikuwa na kidato cha tano na sita. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ukaviondoa, kundi la mwisho likamaliza 1989. Maana yake, zamani kocha wa shule aliweza kukaa na kijana miaka sita, anamwacha akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, ishirini. Baada ya hapo anamwacha akiwa na kumi na saba au kumi na nane, mwili ndio kwanza unafunguka, na anayemsubiri getini ni mwenye kambi ya mazoezi.

Sisi Tanzania kidato cha tano na sita bado tunavyo! Na niambieni ni shule gani ya serikali inamchukua kijana kidato cha tano kwa sababu anasoma vizuri NA anakimbia vizuri. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tunakusanyana kila mwaka, wiki zinapita, kila mtu anarudi kwao na jezi, basi hadi mwakani.

#14 Mzee wa Prepu

Umeona mbali, mwalimu. Mimi hilo la umri sijawahi kulifikiria hivyo, na niliishi ndani yake.

Niongeze jingine. Kambi maarufu za Colm kwa vijana wadogo zilikuwa za likizo. Aprili, Agosti, Desemba. Shule ikifungwa, kambi inafunguliwa. Shule ikifunguliwa, kambi inafungwa na kila mtoto anarudi kwa mwalimu wake wa hesabu. Kalenda ya wizara ndiyo iliyokuwa bosi. Leo Iten ina kambi za kila namna na nyingi zinafunguliwa mwaka mzima. Ukimuona kijana wa miaka kumi na sita anakimbia saa nne asubuhi siku ya Jumanne, huyo yuko darasa gani?

#15 Kapsowar Moja

Sasa hivi kuna CBC, mtaala mpya wa Kenya, na kwenye madarasa ya kumi hadi kumi na mbili kuna njia nzima inaitwa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Tusubiri tuone. Ila walimu wa kuifundisha watoke wapi, hilo swali la kesho.

Na uwanja wa Kamariny pale Iten ulichimbuliwa ujengwe wa kisasa, kazi ikakwama miaka. Mabingwa wa dunia wakawa wanatafuta pa kukimbilia. Uwanja wa udongo tuliokuwa nao ulikuwa na kasoro moja tu, kwamba haukuwa na tenda ndani yake.

#16 Jogoo la Shamba

😂😂 Hiyo ya tenda nimeiiba.

#17 Dada wa Ukingoni

Wanaume mmeongea kurasa mbili, mnajua St. Patrick's ni ya wavulana tu? Niwakumbushe upande wa pili wa barabara.

Wasichana wa Iten tuna Singore. Na huyo huyo Colm mwaka 1989 alianza kuwaita wasichana kwenye kambi zake za likizo, kabla yake wengi waliona ni kupoteza muda, msichana ataolewa. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia mita 800 Osaka 2007, mikono ya Colm hiyo. Lydia Cheromei alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mbio za nyika Antwerp 1991. Umri wake? Miaka 13. Kumi na tatu! Mimi na miaka 13 nilikuwa nachunga ndama na kuogopa giza.

Nasema hivi: kwa mvulana, kuacha shule kwa ajili ya kambi ni kamari. Kwa msichana ni mbaya zaidi. Mvulana mbio zikikataa anarudi kidato cha pili na ndevu zake, watu wanacheka wiki moja wanasahau. Msichana akitoka shuleni akakaa kambini na watu wazima, nimeona wangapi waliorudi? Najua mmoja. Alirudi na mtoto mgongoni, na mwalimu mkuu alikuwa mwanamke, ndiyo maana.

#18 Mwalimu wa Zamu

Dada, asante. Hilo nalibeba.

Sasa swali langu. Nina kijana kidato cha nne. Mtihani wa taifa Novemba, na sasa ni Julai. Simtaji. Baba yake ana ng'ombe wachache na shamba la mahindi, yeye ni wa tatu kuzaliwa na wa kwanza kufika kidato cha nne. Anakimbia peku. Mwaka huu mkoani aliwaacha wenzake kwenye 1,500 kwa umbali ambao mwamuzi alidhani ameruka duru moja, wakataka kumtoa!

Wiki iliyopita alikuja jamaa mmoja na gari zuri. Ana kambi. Anataka kumchukua mwezi huu, anasema Septemba kuna mashindano na wazungu watakuwepo. Baba amepewa pesa ya "nauli", na kwa hesabu yangu ile nauli inafika Ulaya. Kijana mwenyewe macho yameshaondoka darasani.

Nifanyeje?

#19 Mpenda Takwimu

Anakimbia 1,500 kwa muda gani?

#20 Mwalimu wa Zamu

Hapo pana utata. Uwanja wetu nimeupima kwa kamba ya kufungia ng'ombe, duru moja imekuja mita 340. Mkoani walipima kwa saa ya simu, na mwenye simu alipigiwa katikati ya mbio.

#21 Mpenda Takwimu

Basi mwalimu, usimpe mtu yeyote muda huo 😂. Siyo jamaa wa gari, siyo mimi.

#22 Chuma cha Pua

Mimi nitasema lisilopendeza.

Mnamwambia arudi darasani kama yule wa Iten. Yule wa Iten alikuwa anarudi darasani kwenye mwalimu wa fizikia, maabara, vitabu, mabruda wanaolala pale pale shuleni. Huyu wa mwalimu anarudi kwa nani? Mwalimu, sema ukweli, shule yako ina walimu wangapi wa sayansi? Kidato cha nne mwaka jana sifuri zilikuwa ngapi? Kijana akibaki anapata cheti cha kufungia maandazi. Akienda anakula mara tatu kwa siku na huenda, HUENDA, akawa kama Simbu. Simbu wa Singida amekuwa bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, dhahabu ya kwanza ya nchi yetu kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Hakuna shule ya miti na vibao iliyomtoa.

Msitumie historia ya shule nzuri kumfunga mtoto kwenye shule mbovu.

#23 Mwalimu wa Zamu

Umenipiga penyewe. Mwalimu wa fizikia hatuna tangu Februari. Hesabu nafundisha mimi vipindi viwili kwa wiki na nakiri najifunza usiku ninachofundisha asubuhi. Sina jibu la haraka, niache nilale nalo.

#24 Mzee wa Prepu

Chuma amesema kweli, na mimi ninayetetea shule nakubali.

Lakini Simbu huyo huyo amefika kileleni akiwa na miaka thelathini na kitu, na marathoni ni mchezo wa watu wazima. Haraka ya Septemba ni ya nani? Kijana mwenye miguu ya kweli mwezi Julai atakuwa nayo Desemba. Mwambie mwenye kambi aje Desemba, baada ya mtihani. Kama anamtaka mtoto, atarudi. Kama anachotaka ni asilimia ya zawadi ya Septemba, atapata mwingine kabla gari halijapoa injini.

Na muulizeni akiumia atatibiwa na nani. Mimi nimeona vijana wametegua goti kambini, wanapewa vidonge na mtu ambaye si daktari, hawajui wamemeza nini. Siku wakipimwa, jina linaloandikwa gazetini ni la kijana. La aliyempa vidonge halionekani popote.

Halafu Wilson Kipketer, kabla hajawa Wilson Kipketer, aliyemwelekeza St. Patrick's ni Kip Keino. Bingwa wa Olimpiki mwenyewe, anayejua mbio zilivyo, alipomuona mtoto mwenye kipaji alimpeleka shule.

#25 Dada wa Ukingoni

Mama wa kijana yuko wapi kwenye hizi hesabu? Umesema baba, baba, baba.

#26 Mwalimu wa Zamu

Yupo. Kwenye kikao cha wazazi alikaa nyuma, hakusema. Nitamwita.

#27 Jogoo la Shamba

Mwalimu lete mrejesho, usitukimbie kama wale wa nyuzi za mapenzi.

#28 Mwalimu wa Zamu

MREJESHO.

Wamekuja leo, baba na mama, saa nne asubuhi. Ofisi ya mkuu ilikuwa na mkaguzi, tukakaa nje chini ya mgrevilea kwenye viti vya wanafunzi, vile vidogo, magoti yakawa kifuani. Nimewaeleza kama mlivyonieleza. Nimemtaja Rono, nimemtaja Boit profesa. Baba alisikiliza kwa heshima na nikaona kabisa haingii hata moja. Profesa wa Nairobi anamhusu nini mtu wa ng'ombe?

Ndipo mama akauliza, kwa sauti ndogo: "Huyo mwenye kambi anajua mtihani wa mtoto ni lini?"

Baba akasema anajua, ni mtu msomi. Mama akasema basi mpigie. Baba akapiga, akaweka sauti kubwa. Wakasalimiana vizuri, mzee wangu, habari za ng'ombe. Baba akamwambia tupo shuleni hapa, tunapanga mambo ya mtihani wa kijana.

Jamaa akajibu: "Mtihani gani?"

Baba hakusema neno. Akaitazama simu, akabonyeza ile nyekundu, akaiweka mfukoni. Tulikaa kama dakika nzima. Halafu akaniuliza mtihani unaanza tarehe ngapi, nikamwambia, akamtuma mama aikariri kwa sababu yeye husahau tarehe.

Ile nauli atairudisha, anasema itabidi ndama mmoja aondoke maana sehemu ilishaliwa. Kijana tumekubaliana mazoezi ya saa moja tu kila jioni, hapa hapa, hadi Novemba. Mwalimu wa fizikia wa shule jirani nimezungumza naye, atakuja Jumamosi kwa bodaboda, mafuta juu yangu. Chuma, na wewe nakungoja kwenye mafuta.

#29 Chuma cha Pua

Nitumie namba ya kutumia pesa faraghani. Nilisema lisilopendeza, sikusema sitachangia.

#30 Dada wa Ukingoni

Huyo mama apewe mti na kibao chake.

#31 Mpenda Takwimu

Mwalimu, na duru ya mita 340 inabaki hivyo hivyo? Atafika Desemba hujui anakimbia ngapi.

#32 Mwalimu wa Zamu

Nimeirefusha jana na vijana wa kidato cha pili, sasa ni 400 kamili kwa futi ya fundi ujenzi. Imebidi ipite nyuma ya jiko, kati ya jiko na kuni. Wapishi wamenuna.